Kipande cha Ukuta Kisichokandikwa

Vijana mnaoanza uinjilisti mmeniomba niandike jinsi nilivyofanya kazi. Wengine wenu, nawajua, mnataka kujua zaidi namna ya kuhamishwa kutoka kijijini kwenda mjini. Hapo sina msaada. Nilianzia kwenye mashamba ya ngano ya serikali, chini ya mlima Hanang, na nimestaafia mahali ambapo mlima huo bado unaonekana vizuri asubuhi. Vyeo nilivyopewa havikubadilisha sauti yangu wala tairi za baiskeli yangu, kwa hiyo nitaviruka. Nitaandika habari za somo moja nililolifundisha kuliko mengine yote, somo la Hekalu la Yerusalemu, na nyumba moja ya kijiji cha Hirbadaw ambako somo hilo lilikwenda kukaa bila mimi kulituma.

Mimi ni mtu wa Tumati. Kwetu ni milima na mashamba madogo, na mtu akisimama katikati ya shamba lake anaweza kuongea na majirani watatu bila kupaza sauti. Siku niliyoshuka Hanang mara ya kwanza niliona ngano inaanza miguuni pangu na inaishia mbinguni, na katikati hakuna mtu wa kumsalimia. Niliogopa kidogo. Kambi ya wafanyakazi ilikuwa na nyumba za bati, gereji kubwa, na ghala ambalo nusu yake tulipewa kwa ibada ya Jumapili. Waumini walikaa juu ya magunia. Wakati wa mavuno magunia yalijaa, nao wakakaa juu kuliko mhubiri.

Aliyenipokea ni Mwalimu Tluway, mwinjilisti mzee, mwembamba, mwenye koti moja la baridi na moja la joto ambayo kwa kweli yalikuwa koti lile lile. Jumapili yangu ya kwanza nilihubiri juu ya Hekalu. Nilikuwa nimetoka chuoni, kichwa kimejaa vipimo: urefu dhiraa kadhaa, upana dhiraa kadhaa, mierezi, dhahabu, nguzo za shaba. Madereva walikuwa wamekesha na matrekta wiki nzima. Nilipofika kwenye nguzo ya pili ghala lote lilikuwa linakoroma.

Mwalimu Tluway alingoja tumalize chai. Kisha akaniambia, "Bura, umelitangaza Hekalu kama dalali anayeuza nyumba. Wayahudi hawana nyumba ya kuuza. Walibomolewa mara mbili. Fundisha kama mtu aliyefiwa."

Kisha akanipa kamba ya katani yenye mafundo, kila fundo dhiraa moja, na akanionyesha njia yake ya kazi. Ngano ikishavunwa, na kabla mabua hayajalimwa, alikuwa anaomba kipande cha shamba karibu na kambi. Hapo alilitandika Hekalu chini kwa majani ya ngano. Ua wa nje kwa watu wa mataifa yote. Ndani yake ua wa wanawake, kisha ua wa wanaume wa Israeli, kisha makuhani na madhabahu yao, kisha chumba kitakatifu, na mwisho kile chumba cha ndani kabisa ambacho kuhani mkuu peke yake aliingia, siku moja kwa mwaka, akiwabeba watu wote moyoni. Halafu aliwapanga watu, kila mmoja mahali ambapo angeruhusiwa kusimama. Nimeona waalimu wenye picha za rangi na mashine za kuonyesha ukutani. Sijaona kitu kinachofundisha kuliko kumwambia mtu, "Wewe mwisho wako ni hapa."

Watu wa ngano walikuwa na faida moja ambayo waalimu wangu wa chuo hawakuwa nayo. Niliposema kwamba Hekalu lilijengwa mahali palipokuwa uwanja wa kupuria ngano, dereva mmoja wa kombaini akasema "Alaa!" kwa sauti, akaamka kabisa. Niliposema kwamba kila mwaka Wayahudi walipanda kwenda huko kwenye sikukuu kuu tatu, na kwamba moja ilikuwa ya ngano mpya, mikate miwili ikiletwa mbele za Mungu, wakaanza kuulizana kama ni ngano ya aina gani. Ilibidi niwarudishe kwenye mada. Mada ilikuwa kwamba mtu aliyetembea siku nyingi na mkate wake hakuwa anakwenda kuangalia jengo. Alikuwa anakwenda mahali ambapo Mungu alisema nitakuwepo, mahali pa kushukuru, pa kusamehewa, pa kukutana na ndugu wa makabila yote ya watu wake. Mbingu hazimtoshi Mungu, na aliyelijenga Hekalu alilisema hilo mwenyewe siku ya kulifungua. Lakini binadamu anahitaji mahali pa kuelekeza macho yake.

Huyo dereva aliyesema "Alaa" aliitwa Elia. Alikuwa opereta mzuri, wa kulima na wa kuvuna, mtu wa utani mwingi. Mkumbukeni, maana atarudi.

Na pale nje ya majani yetu, siku ya somo, walikuwa wakisimama Wabarabaig wachache, wafugaji wa nchi ile, waliokuwa wanapita na ng'ombe. Mwalimu Tluway aliwakaribisha kwenye ua wa mataifa. Wengi walicheka wakaenda zao. Mmoja aliingia, Mzee Gidamis wa Hirbadaw, mrefu, shuka jeusi, fimbo yake ameiweka nje ya majani bila kuambiwa. Alisimama mpaka mwisho. Watoto wa kambi walipoanza kukimbia huku na huku na kuvuka chumba cha ndani, aliwafokea wote.

"Mmeambiwa hapo haingii mtu!"

"Mzee, ni majani tu," mama mmoja akamwambia.

"Majani nimeona. Na ulichoambiwa umesikia."

Tangu siku hiyo nilijua kwamba nina mwanafunzi mmoja anayesikiliza. Alikuja mara nyingi. Nilimwamkia shikamoo, naye akaniitikia marahaba na kuniita Mwalimu ingawa ningeweza kuwa mwanawe wa mwisho.

Sasa nieleze kilichomleta. Kwa Wabarabaig, mzee mwenye heshima akifa ukoo hukubaliana kumjengea bung'eda. Ni kaburi, lakini linaendelea kujengwa kwa miezi, udongo na samadi juu ya udongo, ukoo kwa ukoo, mpaka linasimama kuliko kimo cha mtu. Siku ya kulimaliza watu hutoka mbali sana. Baadaye watoto na wajukuu huenda pale na majani mabichi mkononi, huyaweka, na huomba: mvua, watoto, amani kati ya ndugu waliogombana. Bung'eda ya baba yake Gidamis ilikuwa kwenye ardhi ambayo shamba lilikuwa linaielekea. Msimu uliofuata matrekta yangefika pale. Gidamis alitaka kitu kimoja tu, kwamba pale paachwe.

Aliniomba nikaseme na msimamizi wa shamba, kwa sababu alikuwa amemwona akisali kwenye gunia la mbele. Nilikwenda. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alinikaribisha, akanipa soda, akatandaza karatasi mezani.

"Mwalimu, mimi nafuata ramani," akasema. "Hapa kwenye ramani hakuna kitu."

"Kwenye ardhi kipo, bwana. Kinaonekana hata ukiwa barabarani."

"Nimesikia. Lakini ramani haijanionyesha, nami nikiruka pale nitaulizwa."

Soda nilimaliza, sikujua la kufanya nayo vinginevyo. Nikarudi kumwambia Gidamis kwamba nimeshindwa. Alinisikiliza, akaniambia pole, kana kwamba kaburi lilikuwa la baba yangu.

Matrekta yalifika. Aliyepangiwa kipande kile alikuwa Elia. Alipokaribia bung'eda aliinua plau, akazunguka, akaishusha upande wa pili. Kila mzunguko vile vile, mpaka ikabaki kisiwa cha nyasi katikati ya udongo uliogeuzwa. Alipoulizwa akasema trekta inakataa mwinuko. Msimu uliofuata trekta ilikataa tena. Nilimuuliza siku moja kwa nini anajitafutia matatizo, mtu mwenye watoto. Akanijibu, "Mwalimu, wewe si ulinisimamisha kwenye ua ukaniambia mwisho wangu ni hapa? Mimi nimezoea kusimama nikiambiwa."

Msimu wa tatu Elia alihamishiwa gereji, kuosha vipuri. Kipande chake alipewa dereva mgeni, ambaye hakuwa na ugomvi na mtu, na hakujua trekta yake inapanda juu ya nini. Kufikia jioni ya siku ya kwanza pale palikuwa sawa na kwingine. Ngano ilipoota haikuacha hata alama, na walinzi hawakumruhusu mtu kukata njia ndani yake.

Sikumwona Gidamis kwa muda. Nilijua alipo, na niliogopa kwenda, kwa sababu sikuwa na neno la kumpelekea. Kisha Jumapili moja akaja mwenyewe, akangoja nje ya ghala mpaka watu wametawanyika.

"Mwalimu," akasema, "wale watu wako wa Hekalu. Siku walipoamka halipo, walikwenda wapi kusema na Mungu wao?"

Nimefundisha miaka mingi na sijapata kuulizwa swali linalozidi hilo. Nilimketisha kwenye gunia. Kwanza nilimwambia, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa, kwamba Hekalu halikuwa kaburi, kwamba kuhani alikatazwa hata kukaribia maiti.

"Sikusema ni kaburi," akasema. "Nilisema ni mahali."

Basi nikamweleza yale ambayo Mwalimu Tluway alinifundisha, naye aliyapata kwa mwalimu wake wa zamani aliyewahi kuishi kati ya Wayahudi. Kwamba Babeli walipolichoma la kwanza, mateka walikaa chini kando ya mito ya ugenini wakalia. Kwamba kulikuwa na mmoja aliyefungua dirisha lake la kuelekea Yerusalemu akasali hapo kila siku, ingawa alijua kule anakotazama ni majivu. Kwamba la pili lilipobomolewa na Warumi, sadaka za wanyama zilikoma, na wazee wao wakasema sala itasimama mahali pa sadaka, na meza ya nyumbani itakuwa kama madhabahu, na kumtendea mtu mema kutahesabiwa kama kafara. Kwamba mpaka leo, aliye mashariki anageukia magharibi na aliye kaskazini anageukia kusini, wote wanaelekeza mioyo sehemu ile moja. Kwamba kuna siku ya mwaka wanafunga na kukaa chini kama waliofiwa jana. Kwamba kwenye arusi, katikati ya furaha, bwana arusi anavunja bilauri. Na kwamba wengi wao wakijenga nyumba huacha kipande cha ukuta mkabala na mlango, kama dhiraa moja kila upande, bila kukipaka chochote, ili asiwepo mtu anayeona nyumba yake imekamilika wakati ile Nyumba haipo.

Halafu akauliza, "Hicho kipande, wanakiacha na hasira?"

"Hapana, mzee. Na kumbukumbu."

"Lakini hasira kidogo ipo."

"Nadhani kidogo ipo," nikasema.

Akainuka, akachukua fimbo yake. "Wao wanaacha mbele ya mlango. Mimi nitaacha upande wa baba."

Nilidhani ni maneno ya huzuni. Niliporudi Hirbadaw baada ya mvua nilimkuta mke wa mwanawe mkubwa, Mama Rebeka, amekasirika. Yeye ndiye aliyekandika nyumba ile. Kwenye ukuta unaotazama mashamba ya ngano palikuwa na kipande kitupu, fito zinaonekana, upepo unapita.

"Mwalimu, nisaidie kusema na Mzee," akaniambia. Mke wa Kibarabaig hatamki jina la baba mkwe wake, kwa hiyo miaka yote nilimsikia akimwita Mzee tu. "Mara tatu nimeziba, mara tatu ametoboa. Wanawake wenzangu wanasema sijui kukandika. Wanasema nimeishiwa udongo!"

Kutoka ndani Gidamis akacheka, mara ya kwanza tangu shamba lile lilimwe. Aliniita. Alikuwa amekaa ameegemea nguzo ya kati, na akaniambia nikae pale pale nitazame. Kutoka kwenye nguzo, kupitia kati ya fito, macho yalikwenda moja kwa moja mpaka pale palipokuwa pamesimama bung'eda. Palikuwa na ngano tu. Asubuhi alikaa hapo, majani mabichi mkononi, akaomba. Alikuwa amemwambia mdogo wake, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo nyingine ya shamba, afanye vile vile.

Habari zikafika kwa wakubwa wangu kwamba mwinjilisti wa mashambani anafundisha watu kuomba wafu. Nikaitwa. Nilieleza kwamba nimefundisha Hekalu, kama ilivyo kwenye mtaala. Mkubwa mmoja akauliza kama yule mzee ameshabatizwa. Nikasema bado. Akauliza nitambatiza lini. Nikasema mzee mwenyewe ndiye atakayesema. Mzee hakusema mpaka mwisho. Nanyi mtaulizwa swali kama hilo mara nyingi, na ushauri wangu ni kujibu kweli na kuomba nauli ya kurudi. Mama Rebeka na watoto wake walibatizwa. Gidamis alikaa kwenye ua wa nje mpaka alipofariki, na kila nilipomsogezea mlango alinishukuru akabaki alipo. Niliumia wakati ule. Bado naumia, kwa sababu nilimpenda.

Miaka ikaenda. Mwalimu Tluway alifariki na koti lake. Mashamba ya serikali yakachoka, kombaini zikabaki gerejini zikiota kutu, na mwishowe sehemu ya ardhi ikarudishwa kwa vijiji. Kipande chetu kilikuwemo. Mimi nilikuwa nahudumu upande wa Haydom, karibu na kustaafu, Mama Rebeka aliponipigia simu.

"Mwalimu, njoo. Wanagombana."

Nilikuta ukoo mzima umesimama katikati ya mabua. Walitaka kurudisha bung'eda, na hakuna aliyejua ilikuwa wapi. Mmoja alionyesha huku, mwingine kule. Elia alikuwa amekuja pia, mzee sasa, mgongo wa opereta. Alisema yeye alikuwa anapima kwa mti mmoja mkubwa, lakini mti huo ulikatwa zamani. Wakaanza kupaza sauti. Ikiwa wangejenga mahali pasipo penyewe wangekuwa wanaomba hewani, na ikiwa wangegawanyika wasingejenga kabisa.

"Mnapiga kelele bure," akasema Mama Rebeka. "Nyumba zinajua."

Nyumba yake ilikuwa imekandikwa upya mara nyingi, lakini nguzo ilikuwa ile ile na kipande kilikuwa kile kile. Kwa mdogo wake Gidamis hivyo hivyo, wanawe walikuwa hawajaziba. Mama Rebeka akakaa kwenye nguzo. Ng'ambo akakaa mwana wa yule mdogo mtu. Elia akachukua fimbo ndefu, akafunga shuka jekundu juu yake, akaingia shambani, simu mbili mkononi, kila moja na mtu wake.

"Songa kushoto," akasema Mama Rebeka.

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Wewe ulikuwa dereva gani? Kwangu!"

Alipokaa kwenye mstari wa nyumba moja, aliufuata polepole mpaka nyumba ya pili ikapiga kelele kwenye simu, "Hapo! Hapo hapo!" Akasimama. Sote tukatembea kumfuata. Ardhi ya pale ilikuwa ardhi kama nyingine. Elia alipekua udongo kwa kiatu, akageuka kuutazama mlima, akageuka kutazama barabara, kisha akavua kofia.

"Nilikuwa nazunguka hapa," akasema. "Mwili unakumbuka kona."

Nililia, na sioni kwa nini nifiche. Nilikuwa na kamba yangu ya mafundo kwenye baiskeli, kwa mazoea tu, na tukaitumia kuchora duara. Wazee wakaweka majani mabichi. Hakuna aliyegombana tena siku hiyo.

Miezi ya ujenzi ilipokwisha na watu wa mbali wameondoka, nilipitia kwa Mama Rebeka kuaga. Nilimkuta na beseni la udongo uliokandwa, mikono imejaa matope hadi kwenye viwiko. Alikuwa anaziba kile kipande.

"Mahali pamerudi," akaniambia. "Sasa naweza kukandika kama wanawake wengine."

Nikamsaidia kusogeza beseni. Alifanya kazi kwa haraka, kwa kiganja, kutoka juu kwenda chini, na fito zikapotea moja moja. Karibu na mwisho akasimama.

"Mwalimu, wale Wayahudi. Lao limejengwa tena?"

"Hapana. Bado."

"Na kipande chao bado wanaacha?"

"Wengi wao, ndiyo."

Akautazama ukuta. Akachukua tonge la udongo, akalizungusha mkononi, kisha akalirudisha kwenye beseni.

"Basi hapa nitaacha kidogo," akasema, "kwa ajili yao."

Palibaki pakubwa kama kiganja chake. Akanawa mikono, akaniuliza kama nitakunywa chai.